Websaiti hizi mnamtengenezea nani?

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua itakuwa ndefu kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kooni muda mrefu, ukitaka kupunguza punguza, ila khabari ya mzee na kalenda usinikatie.

Mie nina kiduka cha stesheneri hapa Chake Chake. Natoa fotokopi, naprinti, napiga laminesheni, nauza kalamu na madaftari, lakini miaka hii kazi kubwa imekuwa kujazia watu fomu za mtandaoni. Maombi ya chuo, maombi ya ajira, mkopo wa wanafunzi, usajili wa hichi na kile, kila ofisi ukienda sasa unaambiwa ingia kwenye websaiti yetu, na mtu akitoka pale mlangoni haingii kwenye websaiti yoyote, anakuja kwangu. Kwa hiyo kutwa nazitazama websaiti za watu huku mwenye shida yake kakaa pembeni yangu kwenye kiti cha plastiki anaufuatisha mkono wangu kwa macho, na nakwambia ukikaa hivi mwaka mmoja tu utayajua mambo ambayo waliozitengeneza hawayajui.

Sasa huyo mzee. Kaja asubuhi kutoka upande wa Kangani, karatasi zake kazikunja vizuri ndani ya bahasha kuukuu na bahasha kaifunga kwa mpira. Tukaanza kujaza fomu ya ofisi moja, siitaji, jina likakubali kwa taabu, tukafika tarehe ya kuzaliwa. Mzee kazaliwa 1951. Pale huruhusiwi kuandika, imewekwa kalenda, na kalenda inafungukia mwezi huu tuliomo, kuna kamshale kamoja tu ka kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Piga hesabu mwenyewe, kutoka leo mpaka 1951 ni kubonyeza zaidi ya mara 800. Nikaanza, tik tik tik tik, mzee anantazama, "mwanangu mbona wafinya sana, imekwama?" Nikamwambia haijakwama mzee, twarudi nyuma twautafuta mwaka wako. Nimefika 1994 fomu ikajifunga yenyewe, ikaandika muda wako umekwisha, anza tena. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akanambia "basi wee niandike nimezaliwa hapo hapo ulipofika, mie ntashukuru."

Tulicheka sote, lakini alipoondoka nikabaki nafikiri. Kijana aliyeiweka ile kalenda si mtu mbaya na wala si mjinga, mie kazi ile siiwezi. Ila wakati anaiweka, kichwani mwake alikuwa anamuona mtu kama yeye mwenyewe, ana miaka 24, kidole chepesi, bando limejaa, na hata huyo nae atabonyeza karibu mara 300, sema ana subira ya ujana.

Likizo alikuja mtoto wa dada yangu, anasoma mambo ya kompyuta huko Unguja, huwa ananisaidia dukani. Nikamsimulia. Akanambia "Mjomba, hao hawakufanya persona." Nikamuuliza ndo mdudu gani huyo. Akanieleza mpaka chai ya saa nne ikapoa, na kwa kweli nilivyomuelewa ni hivi: kabla hujachora hata ukurasa mmoja wa websaiti, unakwenda kukaa na watu watakaoitumia, unawauliza, unawatazama wanavyofanya, afu kutokana na hao watu wa kweli unatunga mtu mmoja wa mfano. Unampa jina, umri, anakaa wapi, anatumia simu gani, anasoma lugha gani, anaogopa nini na, kubwa kuliko yote, amekuja kwenye hiyo websaiti kutafuta nini. Unamwandika karatasi moja unamtundika ukutani. Kila mkibishana ofisini hichi kitufe kikae wapi, husemi "mie naona", unamtazama yule wa ukutani unauliza yeye atafanyaje.

Mwenye kuieneza njia hii ni Mmarekani mmoja, Alan Cooper, mtengenezaji wa programu za kompyuta, aliiandika kwenye kitabu chake cha 1999, lakini mwenyewe anasimulia ilimwanzia 1983. Alikuwa anaandika programu ya kusimamia kazi za ofisini, akazungumza na watu kadhaa wenye kazi hizo, na mmoja wao mwanamke anaitwa Kathy akamkaa kichwani. Kompyuta za zama hizo zilikuwa nzito, ukiitaka ikuandalie programu unaiacha zaidi ya saa nzima, basi yeye muda huo anatoka anatembea kwenye uwanja wa gofu karibu na kwake huku anaongea peke yake, anajifanya ndo yeye huyo mama, mara anauliza kama mama, mara anajibu kama programu. Angekuwa hapa Chake tungesema kaingiwa na shetani. Lakini anasema kwa mchezo ule ndo aliweza kujua lipi la lazima na lipi ni pambo tu.

Nikamuuliza kijana, sasa mjomba ukimtungia mtu mmoja wengine si watakosa? Maana sensa ya 2022 imetuhesabu Zanzibar nzima 1,889,773, utamchagua nani umuache nani. Akanambia ukitaka kumridhisha kila mtu ndo humridhishi hata mmoja, kisha akanipa mfano nikaupenda. Yale mabegi ya magurudumu mawili yenye mkono wa kuvuta juu, unayoyaona yanavyoburutwa boti ikifika Mkoani, alieyabuni ni rubani wa ndege Marekani, Robert Plath, 1987, na mwanzo yalikuwa ya marubani na wahudumu wa ndege tu, watu wanaokwenda mbio uwanjani kila siku. Hakufikiriwa bibi harusi wala mfanyabiashara wa khanga. Lakini kwa vile lilimtosha sawasawa yule mwenye taabu kubwa zaidi, leo kila mtu analo, mpaka shangazi yangu ambae ndege hajawahi kupanda.

Na mwengine atasema basi chukua mtu wa kati na kati, wastani. Hilo nalo kijana ana jawabu lake. 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima miili ya marubani wake, mmoja wa wapimaji kijana tu, Gilbert Daniels, akachukua vipimo vya watu 4,063, akachagua vipimo 10, urefu, kifua, mkono na kadhalika, akatafuta ni wangapi wamo kwenye wastani kwa vyote 10. Hakupata hata mmoja! Viti vya ndege vilikuwa vimechongwa kwa mtu ambae hayupo. Ndo maana nasema na hizi fomu zetu zimechongwa kwa mtu ambae hayupo, kwa sababu ukimchanganya yule mzee wa Kangani na mwanafunzi wa dakhalia ukagawa kwa mbili humpati Mpemba, unapata kioja.

Sasa Mhariri nije kwenye kinachoniuma khasa, na hapa nitasema wazi. Sio kweli kwamba websaiti zetu hazina mtu wa mfano. Anae, ni mmoja, na ni bosi. Websaiti nyingi ukizifungua utamuona, picha yake kubwa na suti juu kabisa, chini ujumbe wa kukukaribisha aya sita, afu dira, afu dhamira, afu picha za semina zinapita zenyewe kama harusi, watu wamepanga mstari wanatabasamu. Unashuka unashuka. Ile fomu uliyoifuata ipo chini kabisa kwa maandishi madogo, na ukiibonyeza inashusha faili la zamani lililoskaniwa kombo. Saa za kufungua ofisi huzioni. Namba ya simu ipo lakini haipokewi, tena ya mezani. Nani alionyeshwa websaiti ile kabla haijafunguliwa? Bosi. Nani alisema nzuri, iacheni? Bosi. Na yeye mwenyewe hajawahi kujaza ile fomu na wala hatoijaza, ana katibu wake. Mtengenezaji simlaumu sana maana anaelipa ndo anaepiga ngoma, lakini angekuwa na ile karatasi ukutani angalau angepata pa kusemea, angesema "bosi, picha yako nzuri, ila huyu bibi hapa hakuja kukutazama."

Majina nayo. Sie kwetu mtoto anapewa jina la babu, kwa hiyo mtu kuitwa Faki Hamad Faki si ajabu, wamejaa. Kuna fomu moja inakataa kabisa, inakwambia jina la kwanza na la mwisho yasifanane, rekebisha. Nirekebishe vipi, nimbadilishe babu wa mtu? Niliwahi kumuona kijana anaongeza herufi moja jina la mwisho ipite, ikapita, akaenda kukwama kwenye cheti maana majina hayalingani, miezi anazunguka. Na anwani, wanataka mtaa na namba ya nyumba na namba ya posta ya tarakimu, ilhali mtu wa huku anajijua kwa kijiji chake na shehia yake, na sheha wake ndo anaemthibitisha. Kama aliyetengeneza angezungumza na watu kumi tu wa Micheweni asingelisahau neno shehia, litatajwa kabla hajakaa kitako.

Lakini kuna mtu mmoja amesahauliwa zaidi kuliko wote na huyo ni mie. Yaani mwenye stesheneri. Hizi websaiti zimejengwa kwa imani kwamba kila mtu ana kompyuta yake, simu yake, imeli yake na anajijazia mwenyewe usiku kwa raha zake. Ukweli wa hapa sio huo. Siku ya mwisho ya maombi yoyote mie najaza fomu za watu thelathini kwa kompyuta moja, na ikifika mtu wa sita saiti inanifungia, inasema vitendo visivyo vya kawaida, inaniona mwizi. Imeli wengi hawana, nawafungulia mie, na imeli ili ifunguke inataka namba ya simu, na namba moja ikishatumika sana inakataliwa. Ile namba ya uhakiki inakuja kwa meseji kwenye simu ya mwenye fomu, na simu kaiacha nyumbani inachaji, au laini ni ya mumewe na mumewe yuko dago, kambi ya wavuvi, na chombo, mpaka arudi. Na paswedi je? Watu wananambia "wee niwekee tu", basi nina daftari la kava gumu nimeandika paswedi za nusu ya mji huu. Najua haifai, usiku nalifungia kabatini na funguo naweka mwenyewe, lakini niambie nifanyeje, mtu anarudi baada ya miezi mitatu kutazama majibu hakumbuki hata imeli yake inaanzaje.

Angetungwa mtu wa mfano mmoja tu wa aina yangu, tumwite Bwana Fotokopi, miaka arubaini na kitu, kompyuta moja, umeme unakatika, foleni mpaka nje, anamjazia mtu aliyekaa pembeni yake ambae ndo mwenye taarifa, basi mambo mangapi yangebadilika! Fomu ingekubali kuhifadhiwa nusu uimalizie baadae. Ingekuwa na ukurasa wa mwanzo unaosema andaa hichi na hichi na hichi, niubandike ukutani watu waje na vitu vyote. Mwisho ingetoa karatasi ya kuprinti yenye namba ya maombi kwa herufi kubwa, mtu aitie kwenye bahasha yake na mpira wake. Hivyo sio vitu vya gharama.

Nisije nikaonekana nasema wenzangu tu, na mie nimewahi kuingia kwenye shimo hilo hilo. Dada yangu huyo mama yake kijana ana nyumba ya wageni ndogo, vyumba vinne, huko Makangale karibu na msitu wa Ngezi. Tulimtafuta fundi akatutengenezea websaiti ya laki nane, mie ndo niliesimamia, nikajiona mjuzi. Tukaweka video ya mawimbi ikifunguka tu inacheza, tukaweka machweo, tukaandika karibuni peponi. Wageni wakawa wanaandika, hawalipii, wanapotea. Kijana aliposhika hii kazi hakugusa websaiti kwanza, alikaa na mama yake baraza siku mbili wakazisoma meseji zote na imeli zote za wageni walizowahi kupata, moja moja, akiandika kila swali kwenye daftari. Hakuna hata mmoja alieuliza kuhusu machweo. Wanauliza nikishuka boti Mkoani nafikaje kwenu na ni shilingi ngapi, huko kuna mashine ya pesa au nije na taslimu, bahari ikichafuka boti inasimama? Mwanamke peke yake anaweza kuja? Kiamsha kinywa kimo kwenye bei? Wengi walikuwa ni wa kuzamia, maana Pemba inajulikana kwa kuzamia, na wengine wamekuja kwa sababu ya popo, wale popo wakubwa wetu wa Kidike ambao hawapatikani popote duniani ila hapa, sie tunawaona wa kawaida watu wanapanda ndege kuja kuwatazama.

Basi wakamtunga mgeni mmoja, wakamwita Greta, Mjerumani, mwalimu, miaka 38, anasafiri peke yake, anapanga safari miezi minne kabla, hana wasiwasi na joto ila ana wasiwasi wa kuachwa na gari njiani usiku. Dada alinichekesha, alikuwa anazungumza na ile karatasi ya Greta huku anakuna nazi, "Greta mwanangu, wee daladala hutoiweza na hilo begi, ntakutumia gari." Ile sentensi ndo imeingia kwenye websaiti karibu kama ilivyo! Video ya mawimbi ikatolewa, pakawekwa njia ya kufika hatua kwa hatua kutoka Mkoani na kutoka uwanja wa ndege, bei ya gari, onyo la kuja na taslimu, na picha ya dada mwenyewe na ushungi wake amesimama mlangoni, ili Greta ajue anaempokea ni nani. Sikwambii wamejaa mpaka wanalala nje, vyumba ni vinne tu, lakini yale maswali ya kwenda na kurudi yamepungua sana na dada anapata muda wa kulala mchana.

Ila nitahadharishe kitu, maana najua wapo watakaosoma hii barua kesho wakajifungia kwenye chumba chenye kiyoyozi wakatunga Bi Mwanakijiji wao kutoka kichwani, hajui kusoma, anaogopa simu, anachuma karafuu. Hiyo sio persona, hiyo ni dharau iliyopewa jina. Mie nawajua mabibi wa mwani wanaotuma na kupokea pesa kwa simu haraka kuliko mhasibu, hawashindwi na simu hata kidogo, wanachoshindwa ni Kiingereza na maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeupe ukiwa juani. Hilo hulijui mpaka ukae nae. Na watu wa mfano wasiwe kumi na tano, ukiwa nao wengi ni sawa na kuwa huna, wawili watatu wanatosha na mmoja awe ndie mkubwa wao, asipofanikiwa yeye basi kazi haijaisha. Na kila baada ya muda warudiwe, Greta wa leo si wa mwakani, hata mie nilipoanza hichi kiduka watu walikuja kwa fotokopi ya kurasa za vitabu vya skuli na leo hiyo kazi karibu imekufa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotoa tenda za hizi websaiti hapa kwetu, sio kubwa. Mkataba kabla hamjautia saini, muulizeni fundi amekaa na watu wangapi na wapi, awaonyeshe daftari. Akikosa jawabu mleteni kwangu. Kiti cha pili cha plastiki kipo, chai ya saa nne na mkate wa ufuta natoa mie, akae kutwa moja tu atazame, asiseme kitu, asimsaidie mtu, aandike. Aje siku ambazo maombi ya vyuo yanafungwa ndo atafaidi. Ijumaa asije, saa tano na nusu nafunga nakwenda kuoga kwa ajili ya sala. Na huyo wa kalenda akija nitamuomba kitu kimoja tu, akae yeye kwenye kompyuta, atafute 1951 kwa kile kimshale, mzee nitamwita na yeye awepo.

Wako msomaji,
Mwenye stesheneri,
Chake Chake, Pemba